Heko, Fundi wa Magurudumu

Ukitoka soko la Karatina na pikapu iliyojaa kabichi, kisha usukani ukaanza kutetemeka mikononi, wa kumwendea ni mmoja: fundi wa alaimenti, yaani anayenyoosha magurudumu. Nampongeza kwa moyo wote.

Mtazame kazini. Anapandisha gari kwa jeki, anazungusha tairi huku chaki ikichora mstari katikati yake. Analishusha, kisha anapima umbali kati ya mistari ya matairi mawili, kwanza mbele, halafu nyuma. Tofauti ikizidi kwa milimita chache tu, tairi huliwa upande mmoja. Lakini hakimbilii spana. Kwanza hushika gurudumu juu na chini, kisha kushoto na kulia, akalitikisa na kusikiliza: beringi imelegea? Tairodi imechakaa? Anajua kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ujuzi huo hauishii kwenye magari. Gabriel Nderitu, Mkenya wa Nyeri, alipojijengea ndege, watu walitazama mabawa. Fundi huyu angetazama chini. Gurudumu la mbele au la mkiani likiwa na ulegevu, ndege ikishika kasi gurudumu hilo huanza kuchezacheza kulia na kushoto, hata likaweza kuvunja mguu unaolishikilia. Tiba haiko mbali na ya pikapu: ondoa ulegevu, sawazisha tairi, rekebisha pembe, kaza panapostahili.

Abiria anayeshuka salama Nyeri au Nanyuki hamjui mtu huyu mwenye vidole vyeusi kwa grisi. Kila safari iliyonyooka ni kazi ya mikono yake.