Sura ya Valerie, Sauti ya Dora

Mwaka 1984 ilitoka nchini Italia santuri yenye wimbo uitwao "The Night". Jina lililoandikwa jaladani lilikuwa Valerie Dore, na aliyeonekana kwenye televisheni akiuimba alikuwa binti wa Milan, Monica Stucchi. Sauti, hata hivyo, haikuwa yake. Aliyeuimba studioni ni Dora Carofiglio, mwimbaji wa kundi la Novecento, na ndiye pia aliyezibeba "Get Closer" na "It's So Easy" zilizofuata.

Kuazima sauti halikuwa jambo geni katika disko ya Italia ya miaka hiyo. Den Harrow naye alikuwa Stefano Zandri jukwaani, na Mmarekani Tom Hooker katika santuri zake kadhaa zilizovuma. Soko lilikuwa nje, hasa Ujerumani, ambako kampuni ya ZYX ndiyo iliyolieneza jina la Italo Disco. Watayarishaji wakatafuta sura kwa huyu na sauti kwa yule.

Lakini si haki kuutia "The Night" katika kapu moja na bidhaa za msimu. Uzuri wake umo katika kujizuia. Ngoma ya mashine yaenda mwendo wake, vinanda vya umeme vyatanda kama ukungu, na sauti yaja kwa kunong'ona, isishindane na mdundo wala isipande kuomba makofi. Maneno ni mepesi, pengine mno. Yakisomwa bila ya muziki hayasimami. Yanasimamishwa na pumzi ya Carofiglio. Sifa nyingi alizomiminiwa Valerie Dore kwa wimbo huu, kwa hiyo, zimekwenda kwa asiyestahiki.

Mwaka 1986 ikaja albamu ya The Legend, iliyojengwa juu ya hekaya ya Mfalme Arthur, na ndani yake nyimbo za "Lancelot" na "King Arthur". Ni nadra disko kuthubutu kusimulia kisa kirefu namna ya utenzi. Thubutu hiyo ni ya kusifiwa, ingawa mdundo hauachii kisa nafasi ya kupumua, na wahusika hupita kama picha ukutani. Baada ya hapo jina la Valerie Dore likafifia; ustawi wake haukuzidi miaka mitatu.

Novecento nao walikuwa wametoa "Movin' On" mwaka uleule wa 1984. Atakayeusikiliza kisha akaurudia "The Night" hatahitaji kuambiwa sauti ile ni ya nani.