Masizi, Sindano na Maswali ya Larson

Mkanda wa presha tunaofungwa mkononi kwenye zahanati za Nyakato, hapa Mwanza, ni ndugu wa chombo cha kupima uongo alichokiunda John Larson mwaka 1921, huko Berkeley, California. Larson alikuwa askari polisi mwenye shahada ya uzamivu ya fiziolojia, na kazi yake haifai kupitiwa harakaharaka.

Mkanda alimfunga mtu mkononi, mrija wa mpira akauzungusha kifuani. Moyo ukipiga, pumzi ikiingia na kutoka, hewa ilisukumwa mirijani hadi kwenye sindano nyembamba, nazo zikakwangua mistari myeupe juu ya karatasi iliyofukizwa moshi mpaka ikawa nyeusi tii. Karatasi ile ilitaka mkono mwepesi. Kidole kikigusa tu, ushahidi umefutika! Jaribio likiisha, ilipakwa vanishi ili masizi yashike.

Ila ufundi hasa, kwangu mimi, ulikuwa kwenye kuuliza. Kulitokea wizi katika bweni la wasichana wa chuo kikuu. Larson akawauliza maswali yaleyale, kwa sauti ileile, ya kujibiwa ndiyo au hapana. Ya wizi aliyachanganya na ya kawaida ili kila mmoja apimwe kwa moyo wake mwenyewe, maana hata asiye na hatia hutetemeka mbele ya askari. Mstari wa msichana mmoja ulibadilika ghafla, baadaye akakiri.

Mkuu wake, August Vollmer, alitaka kipigo kikome vituoni. Sisi wa Mwanza tunaujua uzito wa jambo hilo. Katika msako wa wauaji hapa na Shinyanga mwaka 1976, watuhumiwa waliteswa, wengine wakafia mikononi mwa dola, na Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu. Ndiyo maana askari anayeuliza kwa utulivu, mikono yake ikishughulika na karatasi, namheshimu sana.

Leonarde Keeler, aliyejifunza kazi kwa Larson, aliweka wino badala ya masizi na kukitia chombo sandukuni kibebeke. Biashara ikanoga. Larson hakuipenda. Alijua kwamba sindano huandika msukosuko wa mwili, na msukosuko huo waweza kuwa hofu, hasira au aibu tupu. Akaenda kusomea udaktari, akawa tabibu wa magonjwa ya akili, na akaendelea kuwapinga waliokinadi chombo kile kuwa mashine ya ukweli.