Wa Kuuza na wa Kubakiza: Jinsi ya Kumpima Mfumaji

Kila dirisha la uhamisho linapofunguliwa, mjini Kisii huzuka ubishi uleule, kuanzia vibanda vya chai karibu na Uwanja wa Gusii hadi kwenye matatu zinazoelekea Nyamira: straika aliyewika msimu huu auzwe, au aongezewe kandarasi? Mashabiki wa Shabana, maarufu kama Tore Bobe, wana sababu ya kulibishania jambo hili hadi usiku. Klabu yao ilianza mwaka 1980 ikibeba jina la duka la vifaa vya ujenzi lililoifadhili. Ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2006, ikasota miaka 17 kabla ya kurejea mwaka 2023. Klabu iliyopitia hayo haina akiba ya kulipia makosa.

Kosa la kawaida ni kuhesabu mabao ya msimu uliopita na kuishia hapo. Mchuuzi wa ndizi katika soko la Daraja Mbili haulizi shamba lilitoa mikungu mingapi mwaka jana. Hutazama vidole vimejaa kiasi gani na vitastahimili safari ya Nairobi kwa siku ngapi. Klabu nayo, inapotia saini, hulipia mabao ambayo bado hayajafungwa.

Chuja mabao kwanza

Anza kwa kutoa penalti. Kwa wastani, takriban penalti tatu katika kila nne huingia wavuni, na akiondoka mpigaji mmoja, mwingine atapiga. Mfumaji mwenye mabao 12, matano yakiwa ya penalti, ni mtu wa mabao saba. Kisha weka kando yale yaliyofungwa timu ikiwa tayari inaongoza 3-0. Yanayobaki ndiyo ya kuchunguza: ni mangapi yalivunja sare, ni mangapi yalipatikana ugenini, na nani aliyemmegea pasi? Ikiwa karibu yote yalitoka kwenye mguu wa winga mmoja, basi huenda winga ndiye anayestahili kandarasi mpya.

Halafu hesabu nafasi alizokosa. Mshambuliaji anayefika langoni mara nne kila mechi na kukosa tatu anaweza kuwa na thamani kuliko aliyepata nafasi tano mwezi mzima na kuzifunga zote. Bahati ya huyu wa pili itakwisha. Miguu ya yule wa kwanza itaendelea kumfikisha palepale.

Michael Olunga ni kielelezo kizuri. Mwaka 2015 aliifungia Gor Mahia mabao 19 katika msimu ambao klabu hiyo ilitwaa ligi bila kupoteza mechi, kisha akauzwa kwa Djurgården ya Sweden. Huko alianza polepole, na mwenye kuhesabu mabao tu angemkatia tamaa mapema. Alimaliza msimu wa 2016 na mabao 12, akauzwa China. Novemba 2019 alifunga mabao manane katika mechi moja akiwa na Kashiwa Reysol ya Japani, na mwaka 2020 akafunga 28 ligini na kutajwa mchezaji bora.

Mtazame asipokuwa na mpira

Hapa ndipo jicho la mjuzi linapotofautiana na la shabiki. Kwa dakika kumi, sahau mpira ulipo na mtazame mfumaji peke yake. Aliyeiva hugeuza shingo kabla kiungo hajaachia pasi. Husimama nyuma ya bega la difenda, mahali ambapo beki hawezi kumwona yeye na mpira kwa wakati mmoja. Krosi inapokuja, huanza kukimbilia mlingoti wa karibu, beki akimfuata, kisha hurudi hatua mbili na kubaki peke yake. Ambaye hajaiva hunyoosha mkono akidai mpira miguuni, tena akiwa amelipa goli mgongo.

Baada ya hapo, tazama mguso wa kwanza, na uutazame mvua inaponyesha. Kisii iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Aprili na Mei mpira hukwama, huteleza, hudunda vibaya. Mfumaji bora hufungua mwili na kuusukuma mpira kwa mguso mmoja hadi upande wa kupigia, mbali na difenda. Wa kawaida huufisha chini ya soli. Anapotaka kuugusa tena, beki keshafika.

Asipimwe Gusii tu. Hata Nairobi si ugenini kamili, kwa kuwa mashabiki wa Shabana hufurika huko pia. Afuatwe hadi Mbaraki, Mombasa, kwenye joto la pwani na jukwaa lisilomjua, dakika ya 80, timu yake ikiwa nyuma kwa bao moja. Je, akipoteza mpira anaufukuza papo hapo, au anaweka mikono kiunoni?

Umri wake, na umri wa mchezo wake

Fowadi Mike Okoth Origi alipitia Shabana kabla ya Kenya Breweries, Oman na hatimaye Ubelgiji. Alipotwaa ubingwa wa Ubelgiji na Genk mwaka 1999, alikuwa na miaka 31. Fowadi anayetegemea mwili, kichwa na kujua pa kusimama hukomaa akichelewa, hivyo kumwongezea miaka miwili akiwa na 29 si wazimu. Anayetegemea kasi ana hesabu nyingine. Linganisha video za mbio zake za sasa na za misimu miwili nyuma, na uulize daktari wa timu kuhusu magoti na misuli ya nyuma ya paja. Hatua moja ikishapungua, hakuna kandarasi inayoirudisha.

Shukrani isiandike kandarasi

Mwanawe Okoth, Divock Origi, anatoa mafunzo mawili. Mwaka 2014 Liverpool ilimnunua kutoka Lille na kumwacha hukohuko kwa mkopo wa msimu mzima: muuzaji alipata fedha na bado akabaki na mchezaji. Klabu ya Kisii inaweza kudai mpango kama huo. Mwaka 2019 alifunga mawili dhidi ya Barcelona na moja dhidi ya Tottenham katika fainali ya Ligi ya Mabingwa, na mwezi Julai akapewa kandarasi mpya ya muda mrefu. Misimu miwili ya ligi iliyofuata alifunga mabao manne, kisha hakuna hata moja. Mwaka 2022 aliondoka kwenda AC Milan bure. Liverpool ilimudu gharama hiyo, Shabana isingeimudu.

Ubahili nao huumiza. Katika besiboli, ambako mrushaji mpira ndiye nguzo ya timu, Boston Red Sox walimpa mrushaji wao nyota, Jon Lester, ofa ya dola milioni 70 kwa miaka minne. Hakukubali, wakambadilisha na mchezaji wa Oakland Julai 2014. Desemba hiyo Chicago Cubs walimpa milioni 155 kwa miaka sita, na mwaka 2016 alikuwa nao walipomaliza ukame wa miaka 108 bila ubingwa.

Kalenda na faili

Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliyebakiza miezi sita ya kandarasi anaruhusiwa kukubaliana na klabu nyingine, na muda huo ukiisha huondoka bila ada. Kwa hiyo uamuzi ufanywe akiwa bado na mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Akipita vipimo vyote na mrithi hajapatikana, aongezewe. Kama mabao yake ni ya penalti na ya winga, au kasi inashuka, auzwe bei ikiwa juu, na mkataba wa mauzo uipe klabu asilimia ya mauzo yajayo.

Kuna pato jingine ambalo wengi hulisahau. Anapouzwa kimataifa kabla kandarasi yake haijaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kuanzia miaka 16, kila msimu una thamani ya asilimia 0.5. Kijana aliyecheza Kisii kwa misimu mitano tangu umri huo na baadaye akauzwa kwa dola milioni moja huiletea klabu hiyo dola 25,000, mradi usajili wake wa kila msimu umehifadhiwa. Karani wa klabu aanze na faili hilo kabla ya mtu yeyote kutaja bei.