Kiswahili cha chambo, Kiingereza cha bili

Majuzi jirani yangu wa Bulla Iftin, mjini Garissa, alimtuma mjukuu wake aniite. Mtaani tunamwita Ayeeyo, yaani nyanya, ingawa wengi wetu si wa damu yake. Nilimkuta ameketi mkekani, mbele yake kisanduku cheupe cha intaneti na simu ya nyumbani, mkononi karatasi ya tangazo iliyokunjwa mara nne.

"Maalim," akaniambia, "si wewe ndiye unasomesha Kiswahili? Hebu nionyeshe wapi hapa wameandika nitalipa hii pesa yote."

Nikasoma. Upande wa mbele, kwa herufi kubwa za rangi: Mwezi wa kwanza BURE! Piga simu bila kikomo! Kuanzia shilingi 2,500 tu! Chini kabisa: Vigezo na masharti kuzingatiwa. Nikaigeuza karatasi. Masharti yenyewe yalikuwa huko nyuma, kwa Kiingereza, maandishi madogo mithili ya mbegu za ufuta. Humo ndimo nilimoikuta shilingi 1,000 ya kuunganishiwa, 300 kila mwezi ya kukodi kisanduku, na mkataba wa miezi 12. Kampuni sitaitaja.

"Wameandika, Ayeeyo," nikamwambia. "Lakini si kwa Kiswahili."

Sisi wapenzi wa lugha hii tumezoea kushangilia kila tukiiona kwenye bango. Tunasema, naam, Kiswahili kimekua, hata mabepari wamekikubali. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika hivyo. Karatasi ya Ayeeyo ilinitia aibu kidogo, maana Kiswahili kilikuwamo kweli, ila kilipewa kazi ya kukaribisha mgeni mlangoni, kisha Kiingereza kikamngoja ndani na daftari la madeni. Na Garissa si Mombasa. Hapa mtu kama Ayeeyo alizaliwa katika Kisomali, akajifunza Kiswahili sokoni, na hukichukua kila neno kwa uzito wake. Mwenye lugha huenda akajua kwamba tangazo lina chumvi. Aliyejifunza ukubwani huamini kilichoandikwa.

Tazama maneno mawili madogo, hadi na kuanzia. Hadi hutaja mwisho wa kitu na kunyamaza kuhusu mwanzo wake. Kuanzia hutaja mwanzo na kunyamaza kuhusu mwisho. Sasa chunguza yanavyogawiwa katika matangazo haya: kasi ni "ya hadi" kiasi fulani, bei ni "kuanzia" kiasi fulani. Yaani katika unachopata unaambiwa upeo wa juu, na katika unachotoa unaambiwa upeo wa chini. Hakuna uongo hata mmoja hapo. Ukipata kasi ya kobe, hadi imetimia. Ukilipa maradufu, kuanzia imetimia vilevile. Nimewafundisha wanafunzi viunganishi na vihusishi kwa miaka mingi, na sikuwahi kuviona vikifanya kazi ngumu namna hii.

Bure nalo lina historia ya kuchekesha. Katika Kiswahili lina maana mbili tangu zamani: kisicholipiwa, na kisicho na faida. Mtu asiye na maana ni mtu bure. Aliyehangaika pasi na matokeo amejisumbua bure. Mwandishi wa tangazo alikusudia maana ya kwanza. Ayeeyo alifikishiwa ya pili. "Bila kikomo" ndiyo iliyonichosha zaidi, kwa kuwa huko nyuma, katika ufuta ule, kulikuwa na kifungu ambacho nikikifasiri ni "sera ya matumizi ya haki": ukishazungumza dakika kadhaa, unaanza kutozwa. Kikomo kipo, ila kimebadilishwa jina kikaitwa haki!

Tuje kwa vigezo na masharti kuzingatiwa. Kigezo ni kielelezo, kitu cha kupimia au kuigia. Mteja halipi kigezo. Neno masharti lingetosha peke yake, lakini Kiingereza kina maneno mawili hapo, basi na sisi tukatafuta la pili la kujazia. Kubaya zaidi ni hicho kitenzi. Kuzingatiwa hakina kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Nani azingatie? Lini? Kiswahili kikitaka kumwambia mtu jambo linalomhusu kina njia fupi kabisa: utalipa. Neno moja, na ndani yake mna mtu, wakati na tendo. Anayeliepuka ana sababu zake.

Kisha kuna ada. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya zamani ni desturi; ndiyo maana tunasema ada na desturi. Ukiitwa ulipe ada, sikio husikia kama unatakiwa kufuata mila tu. Huduma ya Safaricom ya kukopa muda wa maongezi, Okoa Jahazi, hutoza ada ya asilimia 10. Ile ya Fuliza, iliyoanza 2019, ina ada ya mwanzo na nyingine ya kila siku hadi deni liishe. Ada hizi hutangazwa, kwa hivyo sisemi zimefichwa. Nasema kuhusu majina. Kuokoa jahazi ni msemo wa watu wa pwani, wa kumwauni aliye karibu kuzama. Kukopa hakumo ndani yake. Na kufuliza ni kutenda mfululizo bila kukoma, jina ambalo kwa deni ni la ukweli kuliko walivyodhani walioliteua. Katika mji ambao mtoto wa duksi anajua riba ni nini, ziada inayotozwa juu ya mkopo ikiitwa ada huwa imenyang'anywa swali ambalo wenyeji wangeliuliza. Jibu ni la masheikh, si langu. Swali ndilo linalonihusu, maana lilifutwa kwa neno.

Wapo watakaosema biashara ni biashara, na muuzaji hakuwahi kuwa mwalimu wa lugha. Wasomali wana mbinu ya kale ya kupatana bei ya mifugo: mnunuzi na dalali hushikana mikono chini ya kitambaa, vidole vikitaja bei kimyakimya. Ni siri tupu. Lakini anayefichwa ni mpita njia. Wenye kufanya biashara wanajua kila kidole.

Hata sheria haijanyamaza. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma. Kifungu cha 7 kinataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Visome pamoja, kisha uniambie kwa nini bei iwe katika lugha moja na sherehe katika nyingine.

Nilimwomba mjukuu kalamu nikaandika nyuma ya karatasi ileile. Mwezi wa kwanza hutalipa ada ya mwezi. Siku ya kuunganishiwa utalipa shilingi 1,000. Kuanzia mwezi wa pili utalipa shilingi 2,800 kila mwezi, pamoja na kodi ya kisanduku. Huwezi kuacha kabla ya mwaka kwisha. Sentensi nne, hakuna msamiati hata mmoja wa kutafutiwa kamusi.

Nilimsomea. Akaniomba nirudie, polepole, kisha akataka jumla ya mwaka mzima. Tukapiga hesabu: 31,800.

"Hiyo ni mbuzi wangapi?" akamuuliza mjukuu.

"Wanne, Ayeeyo."

Akakichomoa kisanduku ukutani, akakifunika kwa leso. "Na mbele wakaandika bure," akasema.