Mzee Saleh Omar Mbele ya Meza ya Uhamiaji

Katika semina yetu ya riwaya, mwenzetu mmoja alisimama akatoa hukumu: Saleh Omar, msimulizi wa By the Sea, ni tapeli. Ana pasipoti ya jina la mtu mwingine, anajifanya hajui Kiingereza na hali anakijua barabara, na bado anapewa hifadhi. Darasa likacheka. Siku ile sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu langu, limechelewa kidogo.

Riwaya hii ya Abdulrazak Gurnah ilitoka mwaka 2001. Wengi wetu, tuseme ukweli, tulimjua Gurnah baada ya Tuzo ya Nobel ya 2021. Mzee wa Kizanzibari anashuka Gatwick na begi moja na kijikasha cha udi, anaomba hifadhi. Wahakiki wa umri wetu huivamia kwa zile dhamira za tangu sekondari: ukoloni, usaliti, nafasi ya mwanamke. Zimo, sikatai. Lakini sura ya kwanza inashughulika na kitu mahususi zaidi, nacho ni sheria.

Hebu tuitazame sheria yenyewe. Mkataba wa Geneva wa 1951 unamwita mkimbizi mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kuwa katika kundi fulani la kijamii, au maoni ya kisiasa. Mwanzoni ulihusu matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951 tu, yaani ulitungwa kwa ajili ya Wazungu waliotawanywa na vita. Itifaki ya 1967 ndiyo iliyoondoa kikomo hicho cha tarehe. Ibara ya 33 inakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai au uhuru wake uko hatarini. Na ibara ya 31, ambayo mwenzetu angeisoma kwanza kabla ya kusimama, inakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali, mradi atoke moja kwa moja huko kwenye hatari, ajitokeze bila kuchelewa na aeleze sababu ya msingi. Kwani mtu anayeikimbia serikali ataenda kupanga foleni kwa serikali ile ile aombe pasipoti safi? Basi jina la bandia peke yake halimwondolei mzee huyu haki ya kusikilizwa.

Kinachoweza kumwangusha ni hadithi yake, na hapa ndipo sisi wa fasihi tunapohusika. Mwomba hifadhi mara nyingi hana shahidi wala hati. Ana masimulizi tu. Ofisa anamsikiliza kama mhakiki mkali: anatafuta mshikamano wa matukio, anadai tarehe, akiona ufa anasema mhusika haaminiki. Mwongozo wa UNHCR wa 1979 ulishauri kwamba mwombaji aliyejitahidi kueleza yote, na ambaye maelezo yake kwa jumla yanaaminika, apewe faida ya shaka. Ni ushauri mzuri, lakini unamtaka mtu awe amekwisha kusimulia.

Saleh Omar hasimulii. Aliyemuuzia tiketi kamshauri afiche Kiingereza chake, naye ametii bila kujua kwa nini. Anatamka la ukimbizi na la hifadhi, kisha kimya. Ofisa Kevin Edelman anakijaza kimya hicho kwa maneno yake mwenyewe. Wazazi wake, anasema, walikuwa wakimbizi kutoka Romania, ila wao ni Wazungu, ni watu wa familia. Mzee kama huyu amefuata nini? Kisha anauchukua udi. Mzee anaelewa kila neno, nasi tunaelewa pamoja naye, huku ofisa akidhani anaongea na gogo. Wanaofundisha nafsi ya kwanza kama "mbinu ya usimulizi" wakaishia hapo wangeanzia ukurasa huu.

Halafu riwaya inatupa hadithi ambayo ofisa hakuipata, na jamani, si hadithi inayoenea katika fomu. Mzee alifungwa miaka mingi baada ya mapinduzi, akatoka akakuta mkewe na bintiye wamekufa. Hilo lingemgusa ofisa yeyote. Lakini limepita zamani. Kilichomfanya akimbie uzeeni ni Hassan, mtoto wa hasimu wake, aliyerudi na madai yanayotokana na ile kesi ya nyumba na deni. Na jina aliloliazima kwenye pasipoti, Rajab Shaaban Mahmud, ndilo jina la hasimu huyo! Tafuta sasa katika zile sababu tano za Geneva. Hata Mkataba wa OAU wa 1969, ulioongeza uvamizi, ukaliaji wa kigeni na matukio yanayovuruga vikali usalama wa umma, hautaji deni la kurithi. Kwetu mkimbizi ni mtu aliyekimbia, basi. Sheria inauliza alikimbia nini, na inataka jibu moja. Saleh Omar ana majibu manne yaliyosukana.

Hapo nina ugomvi na Gurnah. Mzee hapimwi kwa hadithi hiyo hata kidogo. Anaingia kwa sababu serikali ya Uingereza, katika riwaya, imekwisha kuamua kwamba watu wa kwao wakidai maisha yao yamo hatarini wanastahili. Mlango umefunguliwa kwa jumla, na mwandishi anapata nafasi ya kumkalisha mzee na Latif, mtoto mwingine wa hasimu, waongee hadi usiku. Mazungumzo hayo ni matamu. Rachel, mshauri wake wa sheria, ni mwema mno hadi anageuka mwenyeji tu. Natamani angemuuliza mzee swali moja gumu.

Ila siwezi kusema uamuzi ule wa jumla ni ndoto ya mwandishi. Mwaka huo huo wa 2001, baada ya mauaji ya Januari huko Unguja na Pemba, Wazanzibari zaidi ya 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Tanzania, iliyozoea kupokea wakimbizi wa wenzake, ikawa na wake. Msomaji anayecheka kule darasani anadhani ukimbizi ni habari ya Warundi na Wakongo wa Kigoma. Sura ile ya Gatwick inamzungumzia jirani yake.

Mwenzetu yule bado anashikilia kwamba mwongo ni mwongo. Aandike basi. Ila kabla hajaandika aeleze pia yule ofisa aliyeondoka na udi wa watu tumwite nani.