Wasomi na Somo la Sera: Wanamtumikia Nani?

Ukimwuliza kijana wa chuo kikuu kwa nini amechagua kusoma sera za umma, jibu lake karibu daima ni moja: anataka kuwatumikia wananchi. Jibu hilo huandikwa katika barua za maombi na hutamkwa mbele ya kamati za usaili, na wenye kulisikiliza hutikisa vichwa kwa kuridhika. Hatuna sababu ya kusema kuwa kijana huyo anadanganya. Lakini mtu hapimwi kwa yale anayojisemea mwenyewe. Hupimwa kwa mahali anaposimama katika jamii na kwa maslahi anayoyalinda akishafika hapo. Kwa hiyo hapana budi tuulize: somo hili limetoka wapi, linamwandaa nani, na linampeleka wapi?

Tuanze na neno lenyewe. Azimio la Arusha lilipochapishwa mwaka 1967, jina lake kamili lilikuwa Azimio la Arusha na Siasa ya TANU juu ya Ujamaa na Kujitegemea. Waliolitafsiri kwa Kiingereza waliandika neno lenye maana ya sera pale palipoandikwa siasa. Vivyo hivyo, Chama kilipotangaza mjini Iringa mwaka 1972 kuwa Siasa ni Kilimo, mkulima hakuhitaji kuambiwa kama hapo yanazungumzwa mambo ya kura au mambo ya mbolea. Yalikuwa jambo moja. Baadaye neno sera likashika mahali pake, na lugha ikapata faida, maana fundi anahitaji zana nyingi. Lakini pamoja na neno hilo likaja wazo kwamba kuna shughuli mbili mbalimbali: siasa, ambayo ni ya majukwaani, yenye kelele na uchafu, na sera, ambayo ni ya mezani, safi, ya wataalamu. Kijana anayechagua somo la sera mara nyingi anachagua jambo hili hasa. Anataka kuamua mambo ya watu bila kupita kwa watu.

Wazo hili halikuzaliwa kwetu. Mwaka 1961 Robert McNamara alitoka katika uongozi wa kampuni ya magari ya Ford akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani. Alimchukua Charles Hitch, mchumi wa Rand, shirika la utafiti lililoanzishwa kulihudumia Jeshi la Anga, nao wakaingiza wizarani mfumo wa kupima kila programu kwa gharama na matokeo yake. Mwaka 1965 Rais Johnson akaagiza mfumo huo ufuatwe na idara zote za serikali. Palihitajika watu wa kuuendesha. Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kikaanzisha shule yake ya sera mwaka 1969, Rand yenyewe ikafuata mwaka 1970, na Mfuko wa Ford ukatoa fedha kwa shule za namna hiyo. Mfumo wenyewe uliachwa mwaka 1971. Shule zilibaki. Na tusisahau kuwa wataalamu wa hesabu hizo ndio waliopima maendeleo ya vita vya Vietnam kwa kuhesabu maiti, na kwamba McNamara aliongoza Benki ya Dunia tangu mwaka 1968 hadi 1981, ambako nchi kama yetu zilikutana naye kwa sura nyingine.

Na je, vijana wa huko waliosema wanataka kuwatumikia wananchi walikwenda wapi? Kesi moja inatosha. Mwaka 1961 Charles na Marie Robertson, mke akiwa mrithi wa utajiri wa maduka ya A&P, walikipa Chuo Kikuu cha Princeton dola milioni 35 ili kiwaandae vijana kwa utumishi wa serikali, hasa katika mambo ya nchi za nje. Mwaka 2002 watoto wao wakakishtaki chuo, wakidai kuwa fedha zimetumika kinyume cha lengo na kwamba wahitimu walioingia serikalini ni wachache mno. Mwaka 2008 pande mbili zikapatana nje ya mahakama, na chuo kikakubali kutoa kiasi cha dola milioni 90 kwa gharama za kesi na kwa mfuko mpya. Ajabu ya kesi hii ni kwamba aliyelalamika ni bepari. Mlipa kodi wa kawaida, ambaye naye alichangia, hakuwa na mahakama ya kwenda.

Turudi nyumbani. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyowataka wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara. Karibu 400 walirudishwa makwao, na Mwalimu akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hao nao walitaka kuwatumikia wananchi. Walichobishania ni bei. Wakati huo dola ilikuwa na kazi kwa kila msomi, na kugombea bei kulikuwa na maana.

Hali ya sasa ni nyingine, na anayewakosoa vijana kwa maneno ya mwaka 1966 hajafanya uchambuzi. Tangu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa yakubaliwe mwaka 1986, serikali imeacha kuwa mwajiri wa kila mhitimu. Kijana anasoma kwa mkopo, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Tena wengi hawakuchagua. Somo ndilo lililowachagua. Aliyesoma Historia, Jiografia na Kiingereza kidato cha sita hawezi kwenda uhandisi. Mbele yake kuna sheria, ualimu, au utawala na sera, na alama zake ndizo zinazoamua. Kumwita kijana huyu mbinafsi ni uvivu wa fikra.

Lakini akihitimu, soko linamwita wapi? Mkakati wa kupunguza umaskini wa mwaka 2000 uliandaliwa kwa sababu ulikuwa sharti la kusamehewa madeni. MKUKUTA uliofuata mwaka 2005 ulipewa jina la Kiswahili, na maoni yalikusanywa hata vijijini. Hilo ni jema. Hata hivyo ajira nzuri imekuwa ya yule anayejua kuandika kwa lugha ya mfadhili, anayeweza kuugeuza upungufu wa maji wa kijiji kuwa jedwali. Huyo humtumikia msomaji wa jedwali.

Makada wasishangilie haraka. Dharau ya mezani haikuletwa na wafadhili peke yao. Kifungu cha 28 cha Mwongozo wa mwaka 1971 kilikataza kuwahimiza watu watekeleze mipango iliyoamuliwa na wataalamu na viongozi wachache. Miaka miwili baadaye likatoka agizo kuwa kila mtu ahamie kijijini kabla ya mwisho wa mwaka 1976, na mahali pengi watu walihamishwa bila kuulizwa ardhi ipi ina maji. Kijana anayekimbia siasa aende kwenye sera amewahi kusikia habari hizi kwa babu yake.

Dawa haitapatikana katika mhadhara mwingine juu ya uzalendo. Mwanafunzi wa sera hupelekwa kufanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi, akapanga mafaili. Apelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria ya mwaka 1982 ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Aandike kwa Kiswahili uchambuzi wa jambo moja lililobishaniwa pale, kisha ausome mbele ya mkutano unaofuata, na wanakijiji wampe alama.