Utenzi wa Vita vya Uhuru na vita vya dunia nzima

Shaaban Robert alipouita utenzi wake Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945, alifanya mambo mawili ambayo wanahistoria wa vita hivyo wangali wakiyagombania: alivipa vita mwanzo na mwisho, na alivipa jina. Utenzi huo wa beti zipatazo 3,000 ulitoka kitabuni mwaka 1967, miaka mitano baada ya mtungaji kufariki dunia. Hutajwa zaidi kuliko unavyosomwa, na wanaoutaja husifu urefu wake, kana kwamba urefu ni fani. Mimi nauchukua kuwa ni jaribio la kuandika historia ya dunia nzima ya vita vimoja, kwa Kiswahili na kwa bahari ya utenzi. Na kwa kipimo hicho nataka kuupima.

Tuanze na miaka. Kwa Mchina vita vilianza 1937. Kwa Muhabeshi vilianza Oktoba 1935, majeshi ya Mussolini yalipovuka mpaka. Richard Overy, katika Blood and Ruins (2021), anarudi hadi 1931, Japani ilipoivamia Manchuria, na anaviona vita hivi kuwa ni vya mwisho vya madola yenye kutafuta makoloni. Gerhard Weinberg, aliyezaliwa Hannover mwaka 1928 akaikimbia Ujerumani ya Hitler angali mtoto, alishika 1939 katika A World at Arms (1994), lakini sifa ya kitabu chake ni kutukumbusha kila mara kuwa lililoamuliwa Tokyo lilisikika Moscow. Mshairi wetu naye alishika 1939. Ni kalenda ya London, na si ajabu: alikuwa karani wa forodha katika serikali ya Mwingereza. Hata hivyo Uhabeshi ni jirani yetu kuliko Poland.

La pili ni fani, na hapa ndipo penye uzito. Utenzi wa vita umetoka mbali. Tangu Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728 tumezoea safu mbili, ya haki na ya batili, zikikabiliana mbele ya macho yetu. Shaaban Robert amesimama waziwazi upande wa Washirika, na wako wanaomlaumu kwa hilo. Lawama hiyo naiona nyepesi. Hitler alistahili kulaaniwa, na aliyemlaani kutoka mwambao hakuwa kibaraka kwa kumlaani. Tatizo ni kwamba bahari hii ya mizani nane nane huenda mbele kama jahazi lenye tanga moja. Kusema "wakati huohuo, kwingineko" huiwia taabu. Nani asiyeijua taabu hiyo miongoni mwetu tuliojaribu kutunga tenzi za matukio? (Waingereza, kwa njia, huliita eneo la mapigano kwa neno lilelile la jumba la maigizo. Sisi twasema medani au uwanja. Mfasiri hulipita neno lile upesi, ilhali limewafundisha wanahistoria wengi kukaa vitini na kutazama.)

Historia ya dunia nzima haipatikani kwa kuongeza sura moja ya Afrika na moja ya Asia nyuma ya sura ishirini za Ulaya. Hupatikana kwa kushika uzi mmoja na kuufuata unakokwenda. Rangoon ilipoanguka Machi 1942, mchele wa Burma uliokuwa ukiliwa huku kwetu ulikatika. Unguja ukaja mgao wa chakula, na mgao huo ukapangwa kwa asili ya mtu, nani apewe mchele na nani apewe mahindi. Japani ilipoteka Ufilipino na Java, nyuzi za kamba kutoka huko nazo zikakatika, na mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita. Watu wakalazimishwa kwenda mashambani kuukata. Karani wa forodha aliishi katikati ya biashara hiyo. Kisha vijana wa Afrika Mashariki wakapelekwa kupigana Burma ileile ya mchele.

Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na pamoja nao wauguzi wanawake. Manowari za Kiingereza ziliisaka nyambizi kwa mabomu ya kuzamia hali manusura wangali wakielea. Mshairi wa safu mbili atamweka wapi mtu aliyeuawa na bomu la upande wake, katika bahari hii tunayoiona kila asubuhi?

Sasa jina. Agosti 1941 Roosevelt na Churchill walitangaza Mkataba wa Atlantiki, na humo wakaahidi haki ya watu wote kujichagulia serikali. Mwezi uliofuata Churchill alilieleza bunge lake kwamba waliokusudiwa hasa ni watu wa Ulaya waliotekwa na Wanazi. Shaaban Robert akaandika "uhuru" bila kuliwekea neno hilo mwenyewe. Wako watakaosema alidanganyika na maneno ya wakubwa. Naona kinyume chake: alilichukua neno la mtawala kwa uzito kuliko mtawala mwenyewe, na kwa jina hilo moja ameligusa jambo ambalo vitabu vinene vimechelewa kulifikia, kwamba walikuwamo vitani watu waliopigania uhuru wasiokuwa nao. Lililobaki ni kwamba jina limeutangulia utenzi, na kwa mtazamo wangu beti zote hizo 3,000 hazijalifikia.

Mchapaji atakayeutoa tena autie maelezo ya majina na tarehe, na ramani mbili. Ya Ulaya haina budi kuwamo. Ya kwanza iwe ya Bahari ya Hindi, ikionesha Mombasa, Colombo, Rangoon na njia ya mchele.